Gary Coleman: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo watu hawachoki kuyauliza kuhusu Gary Coleman, mtoto aliyeigiza Arnold kwenye televisheni ya Marekani. Ya msingi yametangulia, yenye utata yako mwishoni. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa liliko.

## Mambo ya msingi

Gary Coleman alikuwa nani?

Mwigizaji wa Marekani, aliyezaliwa tarehe 8 Februari 1968 na kufariki tarehe 28 Mei 2010 akiwa na umri wa miaka 42. Jina lake lilivuma alipokuwa na miaka 10, kwa nafasi ya Arnold Jackson katika Diff'rent Strokes, mfululizo wa vichekesho ulioanza kurushwa na kituo cha NBC tarehe 3 Novemba 1978. Kituo cha VH1 kilipopanga orodha yake ya nyota watoto 100 bora, namba moja alikuwa yeye.

Wengi humkumbuka kwa mambo matatu: kimo chake, sentensi moja aliyoipenda kila mtu, na habari za kufilisika kwake. Yote ni kweli. Lakini anayeishia hapo anamkosa mtu mwenyewe, maana Gary alikuwa kwanza kabisa fundi wa kuchekesha, na alianza kazi hiyo huku akiwa mgonjwa.

Alizaliwa wapi, na alilelewa na nani?

Alizaliwa Zion, mji mdogo wa jimbo la Illinois kando ya Ziwa Michigan, kaskazini mwa Chicago. Aliasiliwa akiwa mchanga wa siku chache, na wazazi waliomwasili ndio waliomlea. Mama yake alikuwa nesi, jambo lililokuwa na uzito kwa sababu mtoto alizaliwa na figo mbovu (tazama sehemu ya afya).

Mnaouliza kuhusu wazazi wa damu: hawakuwa watu wa hadharani, kwa hiyo hawatajwi hapa.

Aliingiaje kwenye uigizaji?

Kwa matangazo ya biashara. Akiwa bado mdogo sana alionekana kwenye matangazo ya televisheni huko Chicago, likiwemo la benki, na watazamaji wakaanza kuulizana yule mtoto mwenye mashavu na ulimi mwepesi ni wa nani. Wasaka vipaji wa kampuni ya mtayarishaji Norman Lear walimwona, wakamwita Los Angeles kwa ajili ya kipindi cha majaribio kilichokusudiwa kufufua The Little Rascals, vichekesho vya zamani vya watoto. Kile kipindi hakikununuliwa na kituo chochote.

Ila mtoto hakuachwa. Alipewa nafasi za kupita katika The Jeffersons na Good Times, mifululizo miwili mikubwa ya familia za Wamarekani weusi iliyotoka mikononi mwa Lear, na mwaka huohuo wa 1978 akakabidhiwa nafasi ya Arnold.

Diff'rent Strokes ilihusu nini?

Ndugu wawili weusi kutoka Harlem, Willis na Arnold Jackson, wanafiwa na mama yao. Mama huyo alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa tajiri mzungu aliyefiwa na mkewe, Phillip Drummond, na tajiri alikuwa amemwahidi kwamba atawalea wanawe. Basi watoto wanahamia kwenye ghorofa ya kifahari New York, wanaishi na Drummond, binti yake Kimberly na mtumishi wao.

Conrad Bain aliigiza Drummond, Todd Bridges akawa Willis, Dana Plato akawa Kimberly. Mtumishi wa kwanza, Bi. Garrett, aliigizwa na Charlotte Rae, ambaye mwaka 1979 aliondoka na mhusika wake kwenda kuanzisha mfululizo mwingine, The Facts of Life. Janet Jackson naye alipita humo akiwa kijana, kama Charlene, mpenzi wa Willis.

Ulidumu muda gani?

Misimu minane. Saba ya kwanza ilikuwa NBC, wa mwisho ulihamia ABC, na sehemu mpya ya mwisho ilirushwa tarehe 7 Machi 1986. Gary alianza akiwa na miaka 10, akamaliza akiwa ametimiza 18.

## Kazi yake mbele ya kamera

Alikuwa na kipaji kweli, au ni sura tu ya kupendeza?

Hili ndilo swali ninalopenda zaidi kulijibu, kwa sababu jibu linaonekana kwa macho. Tafuta sehemu yoyote ya msimu wa kwanza au wa pili, halafu mwangalie yeye tu, hata wakati wanaozungumza ni wengine.

Willis anasema jambo la kijinga. Mtoto wa kawaida angejibu papo hapo, maana amekariri mstari wake na ana hamu ya kuutoa. Gary hajibu. Anasimama alipo, anageuza kichwa taratibu, anainua uso kumtazama aliye mrefu kuliko yeye, macho yanakuwa membamba, mdomo unabetuka. Hadhira inaanza kucheka kabla hajatamka neno. Anasubiri. Kicheko kinapanda, na kabla hakijazimika kabisa anaachilia sentensi yake, kikapanda tena. Angesema mapema, kicheko kingelifunika neno. Angechelewa, ukumbi ungekuwa umepoa. Wachekeshaji watu wazima hutumia miaka jukwaani kujifunza kupima pengo hilo. Yeye alikuwa nalo akiwa na miaka 10, mbele ya kamera kadhaa na watu walioketi ukumbini.

Tena si kwamba alikuwa akijichekesha mwenyewe. Arnold anaamini kila anachosema. Anapotoa neno la kikubwa, analitoa kwa uzito wa mzee wa baraza. Ndiyo maana watu wazima walimpenda sawa na watoto. Ushindi wake wa kurudia katika tuzo za People's Choice, zinazotokana na kura za watazamaji, haukuwa wa kuonewa huruma.

Ile sentensi yake maarufu ilitokana na nini?

Ni Arnold akimgeukia kaka yake kwa mshangao: "Unasema nini wewe, Willis?" Maandishini ilikuwa swali la kawaida tu. Kilichoifanya idumu ni namna Gary alivyoivuta na uso alioiwekea (soma jibu lililotangulia). Hadhira ilipoipenda, waandishi wakawa wanairudisha.

Ukubwani aliichoka. Watu wasiomjua walimdai aiseme njiani, dukani, akiwa kwenye shughuli zake, na mara nyingi alikataa. Anayeona alikuwa na kiburi na afikirie kuombwa kila siku arudie neno alilolisema akiwa na miaka 10, na mtu ambaye hata salamu hajatoa.

Ni kweli mfululizo ule uligusa mambo mazito?

Ndiyo. Mwaka 1983 ulikuwa na hadithi ya sehemu mbili kuhusu mwenye duka la baiskeli anayewarubuni watoto ili awadhulumu kimwili. Arnold na rafiki yake Dudley wanaingia mtegoni. Ni vigumu kuitazama hata leo. Lakini kwa wakati ule, kulizungumza jambo hilo saa ambayo familia nzima imekaa sebuleni, watoto wakiwemo, ulikuwa ujasiri mkubwa.

Mwaka huohuo Nancy Reagan, mke wa rais wa Marekani, alitokea katika sehemu moja akiwa yeye mwenyewe, kwa ajili ya kampeni yake ya kuwataka watoto wakatae dawa za kulevya. Aliyekaa naye kwenye tukio na kulibeba alikuwa mtoto wa miaka 15 aliyeonekana kama wa minane.

Siku ya kazi ya mtoto mwigizaji inakuwaje?

Kanuni za California hutofautiana kulingana na umri. Mtoto wa miaka 9 hadi 15 anaruhusiwa kuwa eneo la kazi saa 9 kwa siku ya shule: 5 za kazi, 3 za masomo na 1 ya kupumzika. Lazima awe na kibali cha kazi, na lazima awepo mwalimu wa pale studio, ambaye ana mamlaka pia ya kuangalia ustawi wake. Wa umri mdogo zaidi hupewa saa pungufu.

Kwenye karatasi zinapendeza. Ila zihesabu vizuri: mtoto anasoma masaa 3 yaliyokatwakatwa kati ya mazoezi na upigaji picha, mistari anaikariri nyumbani, na wenzake wa kucheza ni watu wazima wanaolipwa kuwa naye. Gary aliongeza juu ya hayo matibabu.

Aliigiza nini kingine wakati huo?

Filamu kadhaa, nyingine za sinema na nyingine za televisheni: The Kid from Left Field (1979), On the Right Track (1981), Jimmy the Kid (1982) na The Kid with the Broken Halo (1982). Hii ya mwisho ilizaa katuni iliyobeba jina lake, The Gary Coleman Show, iliyorushwa na NBC mwaka 1982. Maana yake ni kwamba hata misimu ya mfululizo ilipopumzika, yeye hakupumzika.

## Afya na mwili wake

Kwa nini hakurefuka?

Kwa sababu ya figo. Alizaliwa na ugonjwa unaoharibu vichujio vya figo na kuzijaza makovu, na figo zikishindwa utotoni mwili haukui inavyotakiwa. Dawa nazo zilichangia: mtu aliyepandikizwa figo hunywa dawa za kutuliza kinga ya mwili ili kiungo kipya kisikataliwe, na baadhi ya dawa hizo huzuia mifupa kurefuka na kuvimbisha uso. Yale mashavu ya mviringo yaliyopendwa na mamilioni yalikuwa, kwa sehemu kubwa, alama ya matibabu. Ukubwani alikuwa na kimo cha takriban sentimita 142.

Kwa hiyo hakuwa mtu mzima aliyejifanya mtoto?

Hapana. Uvumi huu ulizaliwa na wepesi wa ulimi wake na umbo lake kutobadilika mwaka hadi mwaka. Tarehe yake ya kuzaliwa inajulikana vizuri. Kinyume chake ndicho kilichokuwa kweli: kadiri misimu ilivyosonga, kijana alikuwa akiigiza mtoto mdogo kuliko umri wake. Jiweke mahali pake: una miaka 16, na bado hadithi inakutaka ubebwe na kukumbatiwa kama mtoto wa darasa la tatu.

Alipandikizwa figo mara ngapi?

Mara mbili, mwaka 1973 na mwaka 1984. Zote zilishindwa hatimaye. Upandikizaji wa pili ulifanyika mfululizo ukiwa bado unaendelea.

Aliwezaje kufanya kazi huku akihitaji dayalisisi?

Dayalisisi, yaani kusafisha damu pale figo zinaposhindwa, ina njia kuu mbili. Moja ni ya mashine: damu inatolewa kwa mrija, inachujwa, inarudishwa, na mgonjwa hukaa hapo saa kadhaa, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Nyingine ni ya tumbo: maji maalumu huingizwa tumboni kwa mrija uliowekwa kudumu, yanaachwa yavute uchafu kupitia ngozi laini ya ndani, kisha yanatolewa na kuwekwa mengine, mara kadhaa kwa siku.

Kwa njia yoyote, siku ya mgonjwa hupangwa kuzunguka matibabu. Ratiba ya studio nayo hudai kila mtu apange siku yake kuizunguka yenyewe. Gary aliishi katikati ya ratiba hizo mbili tangu utotoni, na uchovu, kichefuchefu na chakula cha masharti vilimfuata ukubwani. Wanaomshangaa kwa nini alionekana mwenye hasira miaka ya baadaye mara nyingi husahau kwamba walikuwa wakimtazama mgonjwa.

## Fedha

Alilipwa kiasi gani?

Katika kilele cha mafanikio ilitajwa kwamba alilipwa dola 100,000 kwa kila sehemu ya mfululizo. Jumla ya mapato yake yote ya utotoni hukadiriwa kuwa dola milioni 18. Chukua namba hiyo ya pili kama makadirio, maana haihesabu kodi wala ada za watu waliomzunguka.

Zilikwenda wapi?

Kila mwigizaji hukatwa kodi, ada ya wakala, ya meneja na ya wanasheria. Kwa mtoto, makato haya hupitishwa na mtu mwingine, na tatizo linaanzia hapo: anayesaini anaweza kuwa ndiye anayelipwa. Wazazi wa Gary walikuwa sehemu ya usimamizi wa kazi yake, na pamoja nao alikuwepo mshauri wa fedha. Alipofikia utu uzima na kuuliza kilichobaki, hakuridhika na majibu.

Ni kweli aliwashitaki wazazi wake?

Ni kweli. Mwaka 1989 aliwashitaki wao na aliyekuwa mshauri wake wa fedha, akidai dola milioni 3.8 kwa matumizi mabaya ya mfuko wake wa amana, yaani fedha zake zilizotunzwa na wengine kwa niaba yake. Mwaka huohuo mama yake aliomba mahakama imkabidhi usimamizi wa mali ya mwanawe, iliyotajwa kuwa dola milioni 6, kwa hoja kwamba kijana hawezi kuisimamia. Gary aliona ni mzazi aliyeumia kupoteza udhibiti. Mwaka 1993 mahakama ilimpa ushindi wa dola milioni 1.28.

Uhusiano wao haukupona. Kuna watu husema mtoto mwenye adabu hampeleki mzazi mahakamani. Heshima kwa mzazi ni jambo kubwa, sina ubishi nalo. Lakini huyu mtoto ndiye aliyekuwa akifanya kazi, na mahakama iliyosikia pande zote ilikubali kwamba alidhulumiwa.

Kwani Marekani haikuwa na sheria ya kulinda fedha za waigizaji watoto?

Ilikuwepo, California, tangu 1939, na chanzo chake ni mtoto mwingine. Jackie Coogan aling'ara mwaka 1921 akiwa na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid, na kwa miaka iliyofuata akaingiza mamilioni ya dola. Alipotimiza miaka 21 aligundua kwamba kisheria mapato ya mtoto yalikuwa mali ya wazazi. Mwaka 1938 alimshitaki mama yake na baba yake wa kambo. Mwishoni aliambulia takriban dola 126,000. Hasira ya umma ndiyo iliyozaa sheria inayoitwa kwa jina lake.

Tatizo ni kwamba sheria ya 1939 ilikuwa na matundu. Ilihusu mikataba iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa, na mingi haikupelekwa. Pia haikubadilisha kanuni ya msingi: mapato yaliendelea kuwa ya mzazi. Coogan mwenyewe alirudi kwenye televisheni kama Uncle Fester wa The Addams Family, na alifariki 1984, Gary akiwa bado anaigiza chini ya sheria hiyohiyo yenye matundu.

Je, siku hizi mambo yamebadilika?

Kwa kiasi, ndiyo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2000, California inatamka kwamba mapato ya mtoto ni mali ya mtoto, na mwajiri lazima aweke asilimia 15 ya malipo ghafi kwenye akaunti ya amana isiyoguswa hadi atimize miaka 18. New York na majimbo mengine machache yana sheria za namna hiyo. Msukumo mkubwa ulitoka kwa waliokuwa waigizaji watoto, hasa Paul Petersen wa The Donna Reed Show, aliyeanzisha shirika la A Minor Consideration kuwatetea watoto wa kazi hii.

Asilimia 15 ni kidogo. Zilizobaki 85 bado hutegemea uaminifu wa mtu mzima. Na mtoto anayeigiza katika jimbo lisilo na sheria kama hiyo anategemea bahati yake.

Alishinda kesi 1993. Ilikuwaje akafilisika 1999?

Fedha za kesi si mshahara. Hukatwa gharama za wanasheria, na baada ya hapo mtu anaishi nazo bila nyingine kuingia, huku gharama za tiba ya figo zikiendelea. Nafasi za uigizaji zilikuwa zimekauka. Gary alipoomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwaka 1999, alisema lawama zigawanywe: kwake mwenyewe, kwa wahasibu, wazazi, mawakala, wanasheria, kisha zirudi tena kwake. Alijiweka mwanzoni na mwishoni mwa orodha. Ni wachache kati ya watu wazima waliomzunguka waliowahi kusema hivyo hadharani.

## Baada ya umaarufu

Ni kweli alifanya kazi ya ulinzi?

Ndiyo, miaka ya 1990 alikuwa mlinzi California. Magazeti yaliiandika kama aibu kubwa. Mimi siioni aibu. Mtu mwenye maradhi ya kudumu, kimo cha sentimita 142 na uso unaojulikana na kila mtu aliamka akavaa sare kwenda kutafuta riziki halali.

Kuna kisa cha ugomvi na shabiki. Kilikuwaje?

Mwaka 1998, katika eneo la maduka huko California, alitofautiana na mwanamke aliyetaka amsainie, maneno yakazidi, na Gary akampiga. Mahakamani hakupinga shitaka. Alipewa adhabu ya kifungo kilichosimamishwa na kuamriwa ahudhurie mafunzo ya kudhibiti hasira. Kosa lilikuwa lake na alilijibu mbele ya sheria. Jinsi kisa hicho kilivyogeuzwa mzaha wa televisheni kwa miaka mingi ni jambo jingine, na si la haki.

Alipenda kufanya nini nje ya kazi?

Treni. Tangu utotoni hadi mwisho. Alijenga reli za treni ndogo za mfano, kwa umakini wa fundi hasa. Alipoishi Denver miaka ya 1990 alikuwa mtu wa kawaida kwenye duka la wapenzi wa treni hizo, na hata alifanya kazi humo. Waliomfahamu kupitia treni walikutana na mtu mwingine: mzungumzaji, mtaratibu, tayari kukueleza tofauti ya vipimo vya reli mpaka uelewe.

Aligombea ugavana kwa dhati?

Mwaka 2003 wananchi wa California waliitishwa kupiga kura ya kumwondoa gavana Gray Davis na kuchagua mbadala. Masharti ya kugombea yalikuwa mepesi: saini 65 na ada ya dola 3,500. Wagombea 135 wakaingia kwenye karatasi ya kura. Gazeti moja la eneo la San Francisco ndilo lililomlipia Gary kama dhihaka ya kisiasa kuhusu mchakato wenyewe. Arnold Schwarzenegger alipojitokeza, Gary alisema angempigia kura yeye.

Hata hivyo, tarehe 7 Oktoba alipata kura 14,242 na kushika nafasi ya nane.

Aliigiza tena ukubwani?

Mara kwa mara, zaidi kama yeye mwenyewe. Alitia sauti yake kwenye katuni ya The Simpsons mwaka 1999 akiwa mlinzi, na alikuwemo katika mchezo wa kompyuta wa Postal 2 (2003). Kazi nyingi za namna hii zilimlipa ili watu wamcheke yeye, wala si kitu alichokifanya. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mchekeshaji.

Alioa?

Ndiyo, mwaka 2007, akiwa tayari amehamia Utah. Yeye na mkewe walikutana kwenye upigaji wa filamu ya Church Ball. Walitalikiana mwaka 2008, ingawa waliendelea kuishi pamoja.

Alikufaje?

Tarehe 26 Mei 2010 alianguka nyumbani kwake Santaquin, Utah, akaumia kichwa, na damu ikavuja ndani ya fuvu. Alipelekwa hospitali ya Provo, hali ikawa mbaya zaidi, na tarehe 28 Mei mashine zilizokuwa zikimsaidia ziliondolewa. Nadharia nyingi zimeenea mtandaoni. Kifo kilirekodiwa kuwa cha ajali. Mwili ulichomwa.

## Uvumi na maswali ya pembeni

Ni kweli waigizaji watoto wa mfululizo ule walilaaniwa?

Hapana, na ningependa neno hilo liachwe. Dana Plato alifariki Mei 1999 akiwa na miaka 34 kwa dawa alizozidisha. Todd Bridges alipitia uraibu na mashitaka mazito, aliachiwa huru katika kesi ya kujaribu kuua, akaacha dawa, akarudi kuigiza. Wengi wanamjua kama Monk wa mfululizo wa Everybody Hates Chris. Yuko hai na anasimulia mwenyewe.

Ukisema laana, umefunga mjadala. Hakuna wa kuulizwa alikuwa wapi, nani alisaini hundi, nani aliona mtoto amechoka akaendelea kuwasha kamera. Yaliyompata Gary yana maelezo ya kawaida kabisa: figo, fedha na sheria dhaifu. Yote yamejibiwa hapo juu.

Kwa nini kuna mhusika anayeitwa Gary Coleman katika tamthilia ya muziki?

Ni Avenue Q, iliyofika Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, mwaka 2003 na kushinda tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki mwaka 2004. Humo yumo mtunza jengo anayeitwa Gary Coleman, mara nyingi akiigizwa na mwanamke. Gary mwenyewe hakuhusika. Baada ya kifo chake maneno ya mhusika yalirekebishwa.

Arnold na Bw. Drummond waliwahi kuonekana pamoja tena?

Ndiyo, mwaka 1996, katika sehemu ya mwisho ya mfululizo mwingine wa vichekesho, The Fresh Prince of Bel-Air. Familia ya Banks inauza nyumba, na miongoni mwa wanaokuja kuitazama ni Gary na Conrad Bain, wakiwa Arnold na Drummond. Ni dakika chache tu, na ile sentensi imo, safari hii ikielekezwa kwa Will, mhusika mkuu wa mfululizo huo. Bain alifariki Januari 2013.

Sijawahi kumtazama. Nianzie wapi?

Anza na sehemu ya kwanza kabisa ya 1978, ndugu wawili wanapoingia nyumbani kwa Drummond. Nenda hadi msimu wa tatu hivi, kabla waandishi hawajaanza kuitegemea ile sentensi kupita kiasi. Hadithi ya duka la baiskeli iache kwa siku nyingine, wala usiitazame na watoto wadogo bila kuwaeleza kwanza. Filamu zake zinaweza kusubiri. Kamera ya sinema haikumpa kile alichopewa na ukumbi wenye watu, yaani kicheko cha kusubiri.